Pambo au Chombo? Maoni juu ya Majumba Mawili ya Makumbusho ya Berlin na Sanaa za Nyanda za Kati

Mtu atokaye Dodoma, akaingia katika jumba la makumbusho ya sanaa za mapambo mjini Berlin, hujiona kama mgeni aliyefika katika nyumba ya tajiri ambaye mwenyewe amesafiri. Taa zinawaka, vyombo vimepangwa, vikombe ni safi, viti vimewekwa tayari. Lakini hapana anayekunywa wala anayeketi. Mgeni huyo hutembea kwa adabu, mikono nyuma, akisoma vibandiko: jina la chombo, jina la fundi kama lajulikana, mji, mwaka, na kitu kilichotumika kukitengeneza. Akimaliza hutoka akiwa amejifunza jambo moja kubwa, nalo ni kwamba watu wa bara lile wamekubali kukiheshimu kijiko.

Makala haya hayakusudii kusimulia safari. Wasafiri ni wengi, na masimulizi yao yatosha. Nataka kuchungua swali moja ambalo ziara ile ilinitia moyoni, na ambalo naona lawahusu wachunguzi wa Kiswahili kuliko linavyowahusu watunzaji wa makumbusho: kwa nini kijiko cha mtu mmoja huitwa sanaa, na kijiko cha mwingine huitwa kifaa cha kabila? Na je, lugha yetu, katika maneno yake yenyewe, yaukubali mgawanyo huo? Mifano yangu nitaitoa zaidi Ugogo na nchi zinazoizunguka, kwa sababu ndiko nikujuako, na kwa sababu sanaa za nyanda za kati zimezoea kusahauliwa hata na Watanzania wenyewe, ambao wakitaja uchongaji huwataja Wamakonde, na wakitaja nakshi hutaja milango ya Unguja.

I

Jumba lenyewe laitwa Kunstgewerbemuseum. Liliasisiwa mwaka 1867, nalo ni la kale kuliko yote ya namna yake katika Ujerumani. Kielelezo chake kilikuwa jumba la London lililoanzishwa mwaka 1852, baada ya Maonyesho Makuu ya 1851, ambalo tangu mwaka 1899 laitwa Victoria and Albert Museum. Yafaa tukumbuke nia ya waasisi wale. Hawakutaka kuwafurahisha matajiri tu. Waliona kwamba mashine zinatoa bidhaa nyingi zisizo na uzuri, wakataka seremala, mfua fedha, mfinyanzi na mfumaji wapate mahali pa kuvitazama vyombo vizuri na kujifunza kwavyo. Jumba la Berlin lilikuwa na shule ya mafundi pamoja nalo. Kwa hiyo swali lililoulizwa mbele ya kila kabati lilikuwa hili: kimetengenezwaje?

Mwaka 1881 jumba hilo lilipata jengo la fahari, ambalo leo laitwa Martin-Gropius-Bau. Miaka mitano baadaye, mwaka 1886, likafunguliwa jirani yake jengo jingine, Museum für Völkerkunde, yaani makumbusho ya mataifa. Huko ndiko vilikopelekwa vitu vya Afrika, hasa tangu mwaka 1889, wakati Baraza la dola ya Ujerumani lilipoamua kwamba vitu vilivyokusanywa kwa gharama za dola katika makoloni vifikishwe kwanza Berlin. Mpwapwa na Kilimatinde palikuwa na vituo vya kijeshi, na maofisa na madaktari wa jeshi walikuwa na nafasi ya kuvitazama vyombo vya wenyeji. Daktari mmoja wa jeshi hilo, Heinrich Claus, alichapisha mwaka 1911 kitabu kizima juu ya Wagogo. Lakini katika jumba hili la pili swali lilikuwa lingine: watu gani hawa?

Maswali haya mawili hayalingani. La kwanza humweka mtazamaji katika hali ya mwanafunzi, naye fundi ni mwalimu wake. La pili humweka mtazamaji katika hali ya mchunguzi, na fundi huwa ndiye anayechunguzwa. Chombo kilekile, kikihamishwa kutoka mlango mmoja hadi mlango wa jirani, chaweza kupandishwa cheo au kushushwa bila ya kubadilika hata ufa mmoja.

Leo majumba hayo si jirani tena. Sanaa za mapambo zimo katika jengo lililofunguliwa mwaka 1985 katika eneo la Kulturforum, na vitu vya Afrika, baada ya kukaa miaka mingi huko Dahlem, vimepewa nafasi katika Humboldt Forum, yaani kasri ya wafalme iliyojengwa upya, ambayo kumbi zake za makumbusho zilifunguliwa mwaka 2021 na 2022. Majengo yamehama, maswali hayakuhama.

Nitatoa mfano mmoja ambao ulinishughulisha kuliko yote. Katika jumba la sanaa za mapambo mna vyombo vya fedha vya baraza la mji wa Lüneburg, na miongoni mwavyo kimo kifaa kilichotengenezwa mwaka 1443: fedha iliyopakwa dhahabu, na jiwe la bilauri lililotiwa ndani yake. Raia wapya wa mji ule walikuwa wakila kiapo juu ya kifaa hicho. Basi, hiki si kikombe cha kunywea wala si pambo la mezani. Ni chombo cha mila. Kazi yake ilikuwa kumfunga mtu kwa mji wake, mbele ya wazee na mbele ya Mungu. Katika makusanyo ya makumbusho ya mataifa kimo kiti kirefu cha enzi kutoka Unyamwezi, nchi iliyoko upande wa magharibi wa Ugogo. Kimechongwa kwa mti mmoja, nacho kina egemeo ambalo juu yake limechongwa umbo la mtu. Hiki nacho ni chombo cha mila. Nacho kazi yake ilikuwa kuwafunga watu kwa mtawala wao. Tuulize basi: ni kitu gani kilichofanya cha kwanza kiwe sanaa ya mapambo, na cha pili kiwe ushahidi wa desturi za kabila? Si matumizi, maana matumizi yao ni ndugu. Si ustadi, maana mchongaji wa Unyamwezi hakushindwa na mfua fedha wa Lüneburg. Tofauti iliyobaki ni moja tu, nayo ni nani aliyekitengeneza.

II

Sasa tuitazame lugha. Wengi wetu, tukitaka kuitaja aina hii ya makumbusho kwa Kiswahili, husema makumbusho ya sanaa za mapambo, nami nimelitumia jina hilo katika kurasa zilizotangulia kwa sababu limezoeleka. Lakini ni tafsiri ya jina la Kifaransa, si la Kijerumani. Jina la Kijerumani halina pambo ndani yake. Limeunganisha sanaa na kazi ya mikono ya kujipatia riziki. Anayesema sanaa za ufundi yu karibu zaidi na Wajerumani kuliko anayesema sanaa za mapambo. Na kwa bahati njema maneno hayo, sanaa za ufundi, tunayo tayari. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, huyatumia kwa uchoraji, uchongaji, ufumaji na kazi za namna hiyo.

Tukichimba zaidi twaona kwamba Kiswahili hakikuujua ukuta ule wa Berlin. Neno sanaa limetoka katika Kiarabu, na asili yake huko ni kutengeneza. Shina hilohilo ndilo linalowapa Waarabu wa leo jina la kazi za viwanda. Mswahili wa zamani aliposema sanaa hakukusudia picha iliyoangikwa ukutani. Alikusudia kazi ya mkono iliyofanywa kwa ujuzi, iwe jahazi, iwe kitanda, iwe kofia. Ufundi ni jirani wa sanaa, wala si mtumishi wake. Fundi wa nguo, fundi wa ngoma na fundi wa maneno wote hupewa jina moja. Nakshi, nalo ni neno la Kiarabu, ni mchoro uliokatwa au kutiwa rangi au kutarizwa, na halichagui kati ya mlango wa sultani na mpini wa kisu.

Lakini neno lenye mafunzo zaidi ni kupamba, na hili ni letu tangu zamani. Anayedhani kwamba pambo ni kitu cha ziada, kilichobandikwa juu ya chombo baada ya kazi kwisha, na amtazame anayepambwa kwa Kiswahili. Anapambwa bibi arusi. Anapambwa maiti. Hawa wawili si watu waliokosa shughuli wakajiremba; ni watu walio mlangoni, mmoja akitoka kwa wazazi na kuingia kwa mume, na mwingine akitoka duniani. Kupamba ni kumtayarisha mtu avuke. Tena liko neno mpambe. Zamani mpambe alikuwa mtumishi wa kike aliyevikwa vizuri ili amfuate bibi yake. Heshima ya bibi ilionekana kwa mpambe wake. Leo neno hilo limepanda ngazi, na katika makao makuu ya nchi hapa Dodoma mpambe ni afisa wa jeshi asimamaye nyuma ya Rais. Hapana aliye tayari kusema kwamba afisa yule ni wa ziada. Kwa hiyo pambo, katika fikira ya lugha yetu, ni kitu kinachofuatana na heshima na kuifanya ionekane.

Ole wetu, kwa maana tumeanza kuuleta ukuta nyumbani kwa mikono yetu. Soma vitabu vya shule, au vibandiko katika majumba yetu wenyewe: kazi ya Mzungu huitwa sanaa, na kazi ya bibi yake mwandishi huitwa zana ya jadi, kifaa cha asili, au kitu cha kale. Kitu cha kale! Kibuyu kilichokatwa mwaka huu huitwa cha kale, na kiti cha Ufaransa cha karne ya 18 huitwa sanaa. Kosa hili hatukulazimishwa na mtu. Ni tafsiri iliyofanywa kwa haraka, na yapaswa kusahihishwa na wale ambao kazi yao ni maneno.

III

Niseme sasa juu ya Ugogo. Nchi ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja na aghalabu haitoshi, na miti mikubwa ya kuchongwa si mingi. Mtu asitafute huko sanamu nyingi wala milango mizito. Tembe yenyewe, ile nyumba ya miti na udongo yenye paa tambarare la udongo, imejengwa chini ili ihimili upepo. Aliyeiona katika Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, atakumbuka jinsi isivyojionyesha. Uzuri wa nyanda za kati umekaa karibu na mwili na karibu na sauti. Nitachukua mambo matatu: kibuyu, sikio, na ilimba.

Kibuyu hakichongwi wala hakifinyangwi, huoteshwa. Fundi wa kwanza ni mkulima, ambaye huchagua mbegu na kuliacha tunda likomae mpaka ganda liwe gumu. Halafu hukatwa, hutolewa nyama na mbegu, hukaushwa, na pengine huchorwa kwa chuma cha moto. Siku moja kitapasuka. Hapo mwenyewe hakitupi. Hutoboa matundu pande zote mbili za ufa na kuushona kwa uzi au kwa utepe mwembamba wa ngozi. Nimeviona vibuyu ambavyo mishono yake imepangwa kwa ustadi hata mtu hujiuliza kama ufa ulitangulia au nakshi ilitangulia. Hapa ndipo swali la pambo au chombo linapojijibu lenyewe. Mshono ule ni dawa ya kibuyu, na ndio uzuri wake pia. Huwezi kuuondoa uzuri ukabakiwa na chombo, maana maziwa yatamwagika.

Jambo la pili ni sikio. Wasafiri wa karne ya 19 waliokatiza Ugogo kwa njia ya misafara, kama Burton mwaka 1857 na Cameron mwaka 1873, hawakuacha kuyataja masikio ya Wagogo, ambao walikuwa wakitoboa ndewe na kuipanua hata ikachukua kipande cha mti, pete za waya wa shaba nyeupe, au kikopo cha ugoro. Wasafiri hao walicheka. Lakini tutazame kwa jicho la fundi. Katika nchi ambayo vazi la zamani halikuwa na mfuko, sikio lilifanywa mfuko. Na kwa kuwa mfuko huo uko usoni, ulipaswa kuwa mzuri. Kikopo cha ugoro kilichokaa katika ndewe kilikuwa pambo na ghala kwa wakati mmoja. Kiswahili, lugha ya pwani, kinayo maneno mazuri kwa mambo haya: ndewe, jasi, kipuli, kipini. Lakini jasi la Mswahili na kikopo cha Mgogo si kitu kimoja, na kibandiko kinachoandika hereni kwa vyote viwili kimedanganya.

Tusisahau kwamba mapambo ya Ugogo na mapambo ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kukutana kabla ya kuwako kwa majumba haya mawili ya Berlin. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, na misafara haikupita bila ya kuilipa kwa nguo na shanga. Shanga nyingi zilikuwa za kioo cha Venice, zikipitia Unguja. Nyekundu ziliitwa samesame, na wenye kuziuza walizipa majina mengine ya utani, kwamba zamaliza chakula na kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitaka na waume walivyofilisika. Basi yule anayesimama Berlin mbele ya kabati la kioo cha Venice, akikitazama kikombe chembamba kama pumzi, na akumbuke kwamba kazi ya mafundi wa mji huohuo ilitungwa katika uzi na binti wa Kigogo, kwa mpango wa rangi alioujua yeye na mama yake. Kikombe kimeingia katika makumbusho ya sanaa. Ushanga, kwa kuwa ulivaliwa na binti yule, ungeingia katika makumbusho ya mataifa. Kioo ni kimoja, tanuri ni za mji mmoja. Kilichobadilika ni shingo iliyouvaa.

Jambo la tatu ni ilimba, ambayo Waswahili wengi huiita malimba au marimba ya mkono. Ni sanduku la mti lenye vyuma vilivyobanwa juu yake, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Sandukuni hutobolewa tundu, na tunduni hubandikwa utando wa kiota cha buibui, ili kila sauti ifuatwe na mvumo mwembamba. Utando huo ndio nakshi ya ilimba, lakini ni nakshi isiyoonekana. Hujulikana kwa sikio tu. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoa wa Dodoma na kufariki Bagamoyo mwaka 2003, aliichukua ilimba na zeze akazunguka nazo dunia, na watu waliojaa katika kumbi za Ulaya walinyamaza kumsikiliza. Lakini ilimba ikiwekwa katika kabati huwa ni sanduku na misumari. Mtazamaji husoma kibandiko, huona kitu kisichong'aa, hupita. Hapo makumbusho ya mapambo na makumbusho ya mataifa hushindwa sawasawa, kwa kuwa yote mawili yamejengwa kwa ajili ya macho.

IV

Naona hoja mbili zitakazoletwa dhidi yangu, nazo zina haki ya kujibiwa.

Ya kwanza yasema: lau vitu vya Afrika vingewekwa tangu mwanzo katika makumbusho ya sanaa za mapambo, tungalijua machache zaidi juu yavyo. Makumbusho ya mataifa, pamoja na makosa yake, yaliuliza chombo hiki chatumikaje, na nani hukitumia, na wakati gani. Makumbusho ya mapambo hayakujali. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba uzuri peke yake ni kibandiko kifupi. Jumba la Gropius lenyewe, ambalo zamani lilikuwa la sanaa za mapambo, mwaka 1996 lilipokea maonyesho makubwa ya sanaa ya bara la Afrika yaliyotoka London, na kwa hiyo ukuta ulivukwa baada ya zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo kuvuka ukuta si kuuvunja. Aghalabu chombo cha Afrika kikipandishwa kuwa sanaa hunyang'anywa kazi yake, na kikishushwa kuwa kifaa hunyang'anywa fundi wake. Katika hali zote mbili kibandiko kina jina la kabila mahali pa jina la mtu, kana kwamba Wagogo wote walikaa pamoja siku moja wakashona kibuyu. Dawa si kuchagua mlango. Dawa ni kuuliza maswali yote mawili mbele ya kila chombo, cha Lüneburg na cha Unyamwezi pia.

Hoja ya pili yasema: Wajerumani wametunza; sisi tungepoteza. Hapa ni lazima tuseme kweli hata ikiuma. Ugogo ilipatwa na njaa nyingi, na kuu miongoni mwake ni ile iitwayo Mtunya, iliyofuata Vita ya Kwanza, miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na watu. Katika mwaka wa Mtunya hapana aliyetunza kigoda kwa ajili ya nakshi yake. Mchwa nao hawana makumbusho. Kwa hiyo simlaumu mtunzaji kwa kutunza. Lakini na tuusikilize mji wa Lüneburg. Vyombo vile vya fedha havikuporwa. Mji wenyewe uliviuza mwaka 1874 kwa sababu ya shida ya fedha. Hata hivyo, pamoja na kwamba uliuza kwa hiari na ukalipwa, vilitengenezwa vielelezo vyavyo, navyo hukaa katika jumba la baraza la mji ule, ili mtoto wa Lüneburg asiende Berlin kuyajua mambo ya babu yake. Ikiwa mwenye kuuza alipata haki hiyo, ni haki gani apasayo kupata yule ambaye chombo chake kilichukuliwa kwa bunduki, au kilinunuliwa kwa kibaba siku ya njaa? Njia ya kila chombo yapaswa kuchunguzwa peke yake, maana zawadi, ununuzi na unyang'anyi si jambo moja. Mwaka 2024 Humboldt Forum ilifungua maonyesho juu ya historia ya Tanzania, yaliyotayarishwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, na huo ni mwanzo mwema. Lakini mwanzo huo hautafika Ugogo ikiwa wazee wa Ugogo hawakuulizwa majina.

V

Kabla ya kumaliza sina budi kutaja makumbusho ambayo hayakuweza kuchukuliwa. Kaskazini mwa Dodoma, katika wilaya ya Kondoa, miamba ya Kolo na jirani zake imechorwa wanyama na watu, kwa rangi nyekundu katika michoro ya zamani na kwa nyeupe katika mingi ya baadaye. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, akachapisha kazi hiyo mwaka 1983 katika kitabu chenye jina linaloiita sanaa ya Afrika inayotoweka. Na mwaka 2006 miamba hiyo iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mpaka leo wako wenyeji wanaokwenda katika baadhi ya mapango hayo kwa tambiko, kuomba mvua au afya.

Mhifadhi huona katika tambiko hatari, maana pombe ya matambiko ikinyunyizwa juu ya mwamba hudhuru rangi. Mwenye tambiko huona katika mhifadhi mtu anayefunga mlango wa nyumba ambayo si yake. Sitaki kuamua kati yao kwa urahisi. Nataka tu kuonyesha kwamba hapa, katika nchi yetu, limezaliwa upya swali lilelile la Berlin: je, mchoro ni wa kutazamwa, au ni wa kutumiwa? Na wala halijibiki kwa kunyamazisha upande mmoja. Mwamba wa Kolo ni kama kibuyu kilichoshonwa: wanaokwenda kuomba mvua ndio waliomfanya mtu wa leo ajue kwamba mahali pale ni pa kutunzwa.

VI

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1954. Mtu huyohuyo aliipa fasihi ya Kiswahili ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Katika kazi yake naona mwongozo wetu. Hakungoja pwani imwalike. Aliichukua lugha ya pwani akaiongezea kitu cha bara, na lugha haikukataa. Alilofanya katika ushairi halijafanywa bado katika vyombo.

Napendekeza kazi tatu. Ya kwanza ni kukusanya, kijiji kwa kijiji, istilahi za mafundi katika Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kinyamwezi: majina ya vyombo, ya sehemu zake, ya mishono, ya rangi na ya makosa, maana fundi hujulikana hasa kwa majina anayoyapa makosa. Kisandawe kihesabiwe kwanza, kwa kuwa wasemaji wake ni wachache na si ndugu wa Kibantu. Yale yanayofaa yaingizwe katika kamusi ya Kiswahili pamoja na asili zake. Ya pili ni kuacha katika maandiko yetu tabia ya kuita kazi hai kitu cha kale, na kutumia sanaa za ufundi kwa wote, wa Lüneburg na wa Mvumi. Ya tatu ni kudai kwamba kila picha na kila orodha ya chombo cha nyanda za kati kilichoko Ulaya ifike Dodoma, mahali ambapo mzee asiyejua kusoma aweza kuitazama na kuisahihisha. Mji huu una chuo kikuu tangu mwaka 2007, una vijana wanaosoma lugha na historia, na una wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Nilipotoka katika jumba la sanaa za mapambo siku ile niliwaona wanafunzi wa shule wamekaa sakafuni na penseli mikononi, wakinakili umbo la jagi. Hakuna aliyewaambia kwamba jagi lile ni la kabila gani. Walikuwa wakiuliza swali la waasisi: kimetengenezwaje? Natumaini mtoto wa Chamwino au wa Mpwapwa atakaa siku moja mbele ya kibuyu kilichoshonwa, ahesabu mishono yake, na alikute jina la kila sehemu limeandikwa sawasawa. Wasomaji wenye majina ya namna hiyo, ya Ugogo au ya kwingineko, wanaombwa wayaandike na kuyapeleka katika vyuo vinavyochunguza lugha zetu, pamoja na jina la mzee aliyewaambia.